UCHAMBUZI: Betri za silikoni zaja polepole, kinywe cha Afrika Mashariki kisije kikaachwa nyuma

MNAMO Desemba 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California nchini Marekani, walitoa habari iliyowafanya wapenzi wa teknolojia kote duniani kutega masikio. Kundi lililoongozwa na Profesa Yi Cui lilitangaza kuwa limefaulu kutumia nyuzi nyembamba mno za silikoni kuunda sehemu ya betri inayoweza kuhifadhi chaji mara 10 zaidi ya ile iliyokuwa ikitumika katika betri za lithiamu. Vyombo vya habari vilidaka taarifa hiyo na kuitangaza kwa mbwembwe. Wasomaji waliambiwa kuwa kipakatalishi kilichokuwa kikizima baada ya saa mbili kingeweza sasa kudumu kwa saa 20.

Karibu miongo miwili imepita tangu hapo. Simu zetu bado huchajiwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Kipakatalishi cha saa 20 kipo, lakini wenye navyo hukitaja zaidi kichakato chake kisichokula umeme kuliko betri yake. Je, wanasayansi wale walitupiga chenga?

La hasha. Walichokisema kilikuwa kweli, na utafiti wao, uliochapishwa katika jarida la Nature Nanotechnology, umesimama imara hadi leo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tulisoma kichwa cha habari na kuacha hesabu iliyokuwa chini yake. Na hesabu hiyo si ya wataalamu wa maabara pekee. Inahusu pia wakazi wa Mahenge nchini Tanzania na wa Balama nchini Msumbiji, ambao ardhi yao imejaa madini yale yale ambayo silikoni inatishia kuyaondoa sokoni. Inahusu pia serikali za kanda hii, ambazo zimekuwa zikiwaahidi wananchi wao kwamba magari ya umeme yataleta neema vijijini.

Ili kuelewa tishio hilo ni kubwa kiasi gani, sharti kwanza tuifungue betri yenyewe.

Chaji huhifadhiwa wapi?

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Upande mmoja huitwa kathodi na wa pili huitwa anodi. Baina yake mna kiowevu ambamo chembechembe zenye umeme, yaani ioni za lithiamu, hupita. Unapoichaji simu, ioni hizo huhama kutoka kathodi na kwenda kujihifadhi ndani ya anodi. Unapoitumia, hurejea zilikotoka, na safari hiyo ndiyo inayotupatia umeme.

Anodi ya betri nyingi duniani hutengenezwa kwa grafaiti, madini meusi yanayofahamika zaidi kwa kuwekwa ndani ya penseli. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita kinywe. Watu wengi hawajui kuwa mmoja wa waliofungua njia hiyo alikuwa Mwafrika. Mnamo 1980, Rachid Yazami, mwanasayansi mzaliwa wa mji wa Fez nchini Morocco, alionyesha akiwa Grenoble, Ufaransa, kwamba lithiamu inaweza kuingia katika grafaiti na kutoka tena bila kuiharibu. Kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za lithiamu mnamo 1991, safari ya simu tunazobeba mifukoni leo ilikuwa imeanza. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019 ilikwenda kwa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Yazami hakuwamo katika orodha hiyo, ingawa mnamo 2014 yeye, Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi walikuwa wametunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Draper, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za uhandisi nchini Marekani.

Grafaiti ina sifa nyingi njema. Ni ya bei nafuu, ni tulivu, na huweza kuchajiwa mamia ya mara bila kuchakaa sana. Ila ina kasoro moja: haina nafasi kubwa ya kuhifadhi lithiamu. Zinahitajika atomi sita za kaboni ili kuishika atomi moja ya lithiamu. Kwa kipimo kile cha mAh ambacho huandikwa kwenye betri za simu, gramu moja ya grafaiti haiwezi kuhifadhi zaidi ya mAh 372. Kiwango hicho kimewekwa na maumbile yenyewe, na hakuna fundi anayeweza kukivuka.

Silikoni nayo ni mlafi. Atomi moja tu hushika takriban atomi nne za lithiamu, na gramu moja huweza kuhifadhi karibu mAh 3,600. Hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya mara 10 iliyovuma mnamo 2007.

Mlafi hupasuka

Basi, kama silikoni ina uwezo huo wote, mbona haikutumiwa tangu mwanzo? Jibu ni kwamba mlafi huvimba. Silikoni inapomeza lithiamu, ukubwa wake huongezeka hadi kufikia mara nne hivi ya ulivyokuwa. Inapoitoa, hunywea tena. Hebu msomaji achukue chupa, aijaze maharagwe makavu hadi pomoni, atie maji kisha aifunge kwa nguvu. Kitakachotokea kesho yake ndicho kinachotokea ndani ya betri, tofauti ikiwa tu kwamba betri hupitia hali hiyo kila inapochajiwa.

Baada ya mizunguko michache, silikoni hupasuka na kuwa vumbi. Vipande hupoteza mguso na bamba la chuma linalosafirisha umeme, na huwa havina faida tena. Aidha, kuna utando mwembamba ambao hujijenga juu ya anodi na kuikinga dhidi ya kiowevu. Silikoni inapovimba, utando huo huchanika, na mwingine hujengeka mahali pake. Kila utando mpya hutumia sehemu ya lithiamu iliyomo, na lithiamu ikiisha, betri imekufa.

Ubunifu wa kundi la Stanford ulikuwa katika umbo. Badala ya kutumia chembe au tabaka la silikoni, waliotesha nyuzi zake moja kwa moja juu ya bamba la chuma, zikasimama kama nyasi mbugani. Unene wa kila uzi ulikuwa wa nanomita chache zenye tarakimu mbili au tatu, ilhali unywele wa binadamu hukaribia nanomita 100,000. Uzi mwembamba kiasi hicho huweza kuvimba na kunywea bila kupasuka. Kati ya uzi na uzi kulikuwa na nafasi ya kupumulia. Na kwa kuwa kila uzi ulikuwa umeshikamana na bamba, haukupoteza njia ya umeme. Watafiti hao waliripoti kuwa anodi yao ilifikia uwezo wote ambao nadharia inairuhusu silikoni kuufikia, kisha ikabakia na takriban asilimia 75 ya uwezo huo bila kudhoofika sana katika mizunguko waliyoipima.

Ni katika maneno hayo ya mwisho ambapo mchambuzi makini angesimama. Mizunguko iliyopimwa maabarani ilikuwa michache. Simu inayotumiwa kwa miaka mitatu huchajiwa karibu mara elfu moja, na gari hutarajiwa kudumu kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Mara 10 si mara 10

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi lilikuwa la hesabu rahisi. Anodi ni upande mmoja tu wa betri. Ukiiboresha mara 10, upande wa pili unabaki vile vile.

Tuchukue mfano. Kathodi nzuri ya kisasa huhifadhi takriban mAh 200 kwa gramu. Betri yenye gramu 100 za kathodi huhitaji gramu 54 hivi za grafaiti kupokea chaji yake yote. Kwa jumla, hizo ni gramu 154. Tuondoe grafaiti na kuweka silikoni tupu: sasa zitahitajika gramu sita hivi. Jumla imeshuka hadi gramu 106. Tumepunguza uzani kwa chini ya theluthi moja, na hapo bado hatujahesabu kiowevu, mabamba ya shaba na alumini, pamoja na ganda la betri, vitu ambavyo havipungui kwa kuwa tu silikoni imeingia. Nafasi ya silikoni kuvimba nayo pia sharti itengwe.

Kwa hiyo, ahadi ya mara 10 ikifika mikononi mwa mnunuzi hugeuka kuwa nyongeza ya asilimia 20, 30 au 40. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Katika ulimwengu wa betri, ambapo maendeleo hupimwa kwa asilimia chache kila mwaka, ni hatua kubwa. Lakini saa mbili haziwi 20.

Ili kuupeleka uvumbuzi wake sokoni, Prof Cui alianzisha kampuni ya Amprius mnamo 2008. Kampuni hiyo ilikumbana na kikwazo cha gharama. Nyuzi za silikoni huoteshwa ndani ya mitambo maalumu kwa kutumia gesi iitwayo sileni, ambayo huwaka moto yenyewe inapokutana na hewa. Mitambo hiyo ni ghali na kazi yake ni ya polepole, ilhali viwanda vya grafaiti hupaka anodi juu ya mikanda mirefu ya shaba kwa kasi kama ya mashine ya kupiga chapa magazeti.

Matokeo yake ni kwamba nyuzi hizo zilipata wateja pale tu ambapo uzani ni jambo la kufa na kupona, na bei huja baadaye. Mnamo Machi 2023, Amprius ilitangaza kuwa maabara huru imethibitisha seli yake yenye nguvu ya wati-saa 500 kwa kila kilo. Seli bora za magari ya umeme wakati huo zilikuwa kati ya 250 na 300. Hii ni karibu maradufu, na ndiyo sababu watengenezaji wa ndege zisizo na rubani wamekuwa wakizichangamkia.

Hapa Kenya nayo inaingia katika simulizi hii, tena kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Zephyr ni ndege isiyo na rubani inayotumia nishati ya jua, inayomilikiwa na AALTO, kampuni tanzu ya Airbus. Mabawa yake yana upana wa mita 25, lakini uzani wake hauzidi kilo 75, yaani ule wa mtu mzima mmoja. Mchana hutumia jua, na usiku kucha huning'inia angani kwa nguvu ya betri peke yake, juu kabisa ya njia zinazopitiwa na ndege za abiria. Mnamo 2018 ilikaa angani kwa siku karibu 26, na Amprius ilifichua baadaye kuwa ilikuwa ikitumia betri zake za nyuzi za silikoni. Mnamo Februari 20, 2025, Zephyr nyingine ilipaa kutoka kituo cha AALTO hapa nchini, katika Kaunti ya Laikipia, na safari yake ikadumu kwa siku 67, ambayo ni rekodi. Kila gramu iliyopunguzwa katika betri zake ilikuwa na thamani.

Mlango wa nyuma

Hata hivyo, asiye na mamilioni ya kununua ndege atafaidika vipi? Ni hapa ambapo silikoni imetumia mlango wa nyuma. Badala ya kuoteshwa nyuzi safi, kampuni nyingi zimeamua kuisaga au kuitia ndani ya vijitundu vya chembe za kaboni. Kaboni hiyo huifunga silikoni kama kikapu na kuipa nafasi ya kuvimba ndani kwa ndani. Kisha unga huo huchanganywa na grafaiti ya kawaida na kupakwa kwa mashine zile zile zilizomo viwandani. Amprius yenyewe iliongeza bidhaa ya namna hiyo mnamo 2024, inayoweza kuundwa katika viwanda vya kawaida.

Kampuni ya Sila ya California iliingiza unga wake sokoni mnamo 2021 kupitia kifaa kidogo cha kuvaa mkononi kinachofuatilia mapigo ya moyo. Group14 ya jimbo la Washington ilipata mtaji kutoka kwa kampuni ya magari ya Porsche mnamo 2022. Lakini waliowafikia wananchi wa kawaida kwanza ni Wachina. Mnamo Machi 2023, Honor ilizindua nchini China simu ya Magic5 Pro yenye betri ya silikoni na kaboni ya mAh 5,450, ilhali simu hiyo hiyo iliyouzwa nje ya China, ikiwa na betri ya kawaida, ilikuwa na mAh 5,100. Tofauti hiyo ilionekana ndogo, lakini ilikuwa mwanzo tu. Kufikia Aprili 2025, kampuni hiyo ilikuwa imetoa simu ya mAh 8,000 ambayo si nene kuliko simu nyingine.

Kwa mnunuzi wa Kenya, hapa pana funzo. Tarakimu kubwa ya mAh haielezi betri itadumu kwa miaka mingapi. Betri iliyo na silikoni nyingi huvimba zaidi, na swali la kumuuliza muuzaji si ukubwa wa betri pekee, bali pia itabakia na kiasi gani cha uwezo wake baada ya kuchajiwa mara mia nane au elfu moja. Katika nchi ambapo simu hupita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kutupwa, swali hilo lina uzito kuliko lilivyo ughaibuni.

Vivyo hivyo kwa wahudumu wa bodaboda wanaohamia pikipiki za umeme. Mwendeshaji wa bodaboda hahitaji betri nyepesi kama ya Zephyr. Anahitaji betri ya bei nafuu, isiyoshika moto, na inayoweza kuchajiwa kila siku kwa miaka kadhaa. Kwa sasa, silikoni haimjibu mhudumu huyo vizuri kuliko grafaiti.

Hatima ya kinywe

Sasa turejee Mahenge. Takwimu za Shirika la Jiolojia la Marekani huonyesha kuwa Msumbiji, Madagascar na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye hazina kubwa zaidi za grafaiti ya ardhini duniani, Tanzania pekee ikikadiriwa kuwa na takriban tani milioni 18. Katika ripoti yake ya 2021, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa gari moja la umeme hubeba kilo 66 hivi za grafaiti, ilhali lithiamu, inayoipa betri jina, haifiki hata kilo 10. Kwa mizani, basi, betri ya gari ni ya grafaiti kuliko ilivyo ya lithiamu.

Je, silikoni itaifuta hazina hiyo? Kwa hesabu tuliyoipiga hapo juu, anodi ya silikoni tupu ingehitaji sehemu moja tu kati ya tisa au 10 ya uzani wa grafaiti. Siku magari yote yatakapotumia anodi ya namna hiyo, kinywe kitabaki kuwa cha penseli na matanuri ya chuma. Lakini siku hiyo haijafika, wala haiko mlangoni. Katika betri za magari zilizo na silikoni, sehemu yake kwa kawaida bado ni chini ya asilimia 10 ya anodi. Kilichobaki ni grafaiti. Kwa miaka kadhaa ijayo, silikoni ni mgeni anayekaa katika nyumba ya grafaiti, wala si mwenye nyumba.

Isitoshe, mpinzani wa kinywe aliye karibu zaidi si silikoni, bali ni grafaiti ya kutengenezwa, inayopatikana kwa kuchoma masalia ya mafuta ya petroli katika joto kali mno. China huizalisha kwa wingi na kwa bei ya chini, na ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya soko la anodi. China pia husafisha zaidi ya asilimia 90 ya grafaiti yote inayofaa kutiwa katika betri. Mnamo Desemba 1, 2023, ilianza kuwataka wanaoiuza grafaiti hiyo nje ya nchi kupata kibali kwanza. Marekani nayo, mnamo Julai 2025, ilitangaza ushuru wa awali wa asilimia 93.5 dhidi ya grafaiti ya betri kutoka China. Fahali wawili wanapopigana, aghalabu ziumiazo ni nyasi. Mara hii, nyasi zina nafasi ya kunufaika, iwapo zitajipanga.

Kinaya ni kwamba wanaojipanga zaidi ni wengine. Mgodi wa Balama huko Msumbiji, unaomilikiwa na kampuni ya Syrah ya Australia, ni miongoni mwa migodi mikubwa zaidi ya grafaiti duniani. Lakini kiwanda cha kuigeuza kuwa anodi kilijengwa Vidalia, jimbo la Louisiana, kikisaidiwa na mkopo wa dola milioni 102 kutoka kwa serikali ya Marekani mnamo 2022. Jiwe linachimbwa Cabo Delgado, na ujuzi unabaki Louisiana. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024 yalipofika mlangoni pa mgodi huo, kazi ilikwama kwa miezi kadhaa, na wakazi wakabaki bila mgodi wala kiwanda.

Tanzania imechukua hatua tofauti kidogo. Sheria yake ya madini, iliyofanyiwa marekebisho mnamo 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika miradi mikubwa bila kulipia. Kwa msingi huo iliundwa kampuni ya Faru Graphite kwa ajili ya mradi wa Mahenge, wilayani Ulanga, ambao umeivutia kampuni ya POSCO ya Korea Kusini. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini hisa za asilimia 16 katika mgodi unaouza unga mbichi si sawa na kuwa na kiwanda. Unga huo sharti ufinyangwe kuwa chembe za mviringo, usafishwe hadi ufikie usafi wa asilimia 99.95, kisha upakwe tabaka jembamba la kaboni. Thamani yake huongezeka katika kila hatua, na kila hatua hufanyika nje ya Afrika Mashariki.

Kiwanda ndicho daraja

Wapo watakaosema kwamba hakuna haja ya kujenga kiwanda cha bidhaa ambayo siku moja itapitwa na wakati. Hoja hiyo inavutia, lakini ina tundu kubwa. Tumeona kuwa silikoni haiingii betrini peke yake. Inachanganywa na grafaiti, inapakwa kwa mashine za grafaiti, na inanunuliwa na wale wale wanaonunua anodi za grafaiti. Anayejua kuunda anodi ya kinywe leo ndiye atakayejua kuongeza silikoni kesho. Anayeuza mawe leo, kesho silikoni ikishika kasi atabaki na mashimo.

Wengine watakimbilia mwisho wa pili na kusema kuwa silikoni hutoka mchangani, na mchanga tunao tele kutoka Turkana hadi Kilifi. Hao nao wanajidanganya. Silikoni ya viwandani hutolewa katika mawe safi ya kwazi yanayoyeyushwa kwa umeme mwingi kupita kiasi, na katika biashara hiyo pia China ndiyo inayoongoza kwa mbali. Kuwa na mchanga hakumfanyi mtu kuwa na silikoni, sawa na vile kuwa na mahindi shambani hakumpi mtu ugali mezani.

Kuna jambo ambalo Kenya na Tanzania zinaweza kulifanya kwa pamoja. Grafaiti husafishwa kwa njia kuu mbili: kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni sumu kali na huchafua mito, au kwa joto kali, ambalo linahitaji umeme mwingi. Nchi inayosafisha kwa umeme wa jotoardhi au maji inaweza kuuza anodi safi kwa wanunuzi wa Ulaya na Asia wanaozidi kuuliza bidhaa zimetoka wapi na zimechafua nini. Kenya ina mvuke wa Olkaria. Tanzania ina kinywe na bwawa la Julius Nyerere. Laini ya umeme ya kilovoti 400 inayotoka Isinya, kupitia Arusha hadi Singida, imeunganisha nchi hizi mbili tangu Desemba 2024. Vipande vyote vipo, ila vimelala mbalimbali.

Si kwamba kazi hiyo ni rahisi. Kenya yenyewe huagiza umeme kutoka Ethiopia, na wenye viwanda wamelalamikia bei ya stima kwa muda mrefu. Hakuna mwekezaji atakayeleta tanuri la mamilioni ya dola mahali ambapo stima hupotea jioni. Vyuo vikuu vyetu navyo vinahitaji maabara ambamo mwanafunzi wa kemia ataunda seli ya betri kwa mikono yake na kuipima mara elfu moja, badala ya kuisoma vitabuni tu. Utafiti wa Stanford haukuanzia kwenye kiwanda. Ulianzia kwenye benchi la maabara, chini ya profesa na wanafunzi wake.

Hadithi ya nyuzi za silikoni inatufunza kuwa kati ya tangazo la mtafiti na mfuko wa mnunuzi kuna safari ndefu. Safari hiyo ilimvunja moyo aliyetaka kipakatalishi cha saa 20. Kwa mchimbaji wa Mahenge, urefu wake ni bahati, kwa sababu ni muda aliopewa kujiandaa. Lakini muda huo una kikomo. Silikoni iliyokuwa maabarani mnamo 2007 ilikuwa katika kifaa cha mkononi mnamo 2021, katika simu mnamo 2023, na watengenezaji wa magari tayari wametia saini mikataba ya kuinunua.

Serikali za Afrika Mashariki, basi, zisiwaahidi wananchi kwamba kinywe kitawalisha milele, wala zisikate tamaa kila gazeti linapotangaza betri mpya. Mikataba ya migodi inayotiwa saini leo iweke wazi mwaka ambao kiwanda cha kusafisha kitaanza kazi, na adhabu atakayopata mwekezaji asipotimiza. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini ni hao hao waliosema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika suala la kinywe, usemi wa pili ndio wa kushikwa.